Soksi za Sufu

Naryn, mwezi wa pili. Mto umeganda juu,
chini ya barafu maji yanasukumana kama kawaida.
Nimekoka makaa, nimepanga mikanda yangu mezani:
wa kichanga, wa mtoto, wa mtu mzima,
maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene
humsingizia mtoto maradhi asiyo nayo.

Wanaingia darasa kwa darasa, pua nyekundu.
Nashika vifundo vya mikono, macho kwenye saa.
Mwaka wa ishirini na sita huu,
na bado hesabu hii inanishangaza:
kichanga moyo wake hutimka, mia na arobaini kwa dakika,
kama aliyekurupushwa usingizini;
akifika darasa la kwanza, tisini;
sauti ikianza kumkwaruza kooni, sabini na kitu.
Hata moyo hujua kwamba polepole ndio mwendo.
Lakini mapigo yakishuka, shinikizo hupanda,
kidogo, kidogo, kila mwaka,
kwani mwili umerefuka
na damu ina safari.

Erkebai, miaka tisa, huwa wa mwisho kwenye foleni.
Viatu vyake havivuki upesi:
ndani mna soksi mbili, tatu, za sufu,
kazi ya bibi yake Burulcha,
kila baridi uzi mnene kuliko wa baridi iliyopita.
"Miguu ya huyu ni barafu," aliniambia sokoni,
"hata Julai, hata kando ya jiko."
Mwalimu wa michezo ana neno lake: mvivu.
Mzunguko mmoja tu, naye ameshika mapaja,
ameketi thelujini.

Zebaki ikapanda. Mia na arobaini na mbili.
Nikasema ni woga; koti jeupe limewatisha wengi.
Nikampa tufaha, nikamwambia anitajie
farasi wa babu yake, jina na rangi.
Akataja kumi na mmoja, na mmoja aliyekufa.
Nikarudia. Mia na arobaini.
Nikabadili mkanda. Mia na arobaini na moja.

Ndipo nilipoziangalia zile soksi.

Nikamlaza. Nikavua moja, nyingine, nyingine tena,
kama mtu anayemenya kitunguu.
Kidole changu kikashuka kinenani kutafuta mshipa,
kikangoja.
Kulikuwa na kitu, chembamba, kilichochelewa,
kama nyayo za mtu kwenye nyumba ya jirani.
Nikauzungusha mkanda mkubwa pajani:
tisini na nne.

Mafuriko juu, ukame chini, katika mtoto mmoja.
Nyuma ya kifua chake njia kuu ya damu
ilibanwa tangu tumboni mwa mama,
na moyo, usio na pa kushtaki, ukasukuma.
Miaka tisa ukasukuma.

Nikafungua daftari. Mwandiko ni wangu:
darasa la kwanza, "juu kidogo, arudiwe."
Darasa la pili, "juu kidogo, anaogopa."
Kila Februari nilishika mkono ule ule wa kulia
nikiamini nimempima mtoto mzima.

Wakampeleka Bishkek kwa gari la posta.
Sitaeleza usiku ule, sikuwepo.
Najua alirudi Mei na kovu chini ya bega la kushoto,
refu kama kalamu,
na kwamba alilionyesha kwa yeyote aliyeuliza,
na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Burulcha alikuja kliniki na mfuko wa plastiki.
"Hazitaki tena. Anasema zinamchoma."
Akauweka mezani, akakaa,
akatazama mikono yake isiyokuwa na la kufuma.
Sikujua la kumwambia. Nikachemsha chai.

Soksi zile nazivaa mimi; vidole vyangu vinabanwa kidogo.
Foleni siku hizi ni ndefu mara mbili,
walimu wananung'unika juu ya viatu vilivyozagaa ukumbini,
tope, theluji inayoyeyuka, harufu.
Wacha wanung'unike.
Haya, wewe, unayefuata: mkono kwanza.
Sasa mguu.